Kozi ya kompyuta ihesabiwe namna gani?





Katika namba hii tumepewa kurasa chache ili tueleze jambo moja lililoleta maneno mengi kati yetu tangu mwanzo wa muhula. Jambo lenyewe ni kozi ya kompyuta, ile ambayo sisi wote tunaita informatike. Swali ni hili: kwa mtu anayetafuta diploma, kozi hii ihesabiwe kama nini? Kama hesabu? Kama sayansi? Kama lugha? Iwekwe peke yake? Ama isihesabiwe kabisa, iwe tu mchezo wa kupumzisha kichwa?

Maneno yalianza hivi. Siku moja ya nne ya juma, mwalimu wetu wa informatike aliingia darasani. Umeme haukuwako, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Basi alichora kompyuta ubaoni kwa chaki, na chini yake akaandika mistari ya programu. Sisi wafinalisti tulikuwa na intero ya kemia saa iliyofuata. Mmoja alifungua kaye ya kemia juu ya magoti. Wa pili akafuata. Kiisha muda kidogo darasa zima lilikuwa katika kemia, na mwalimu alikuwa anafundisha ukuta. Alipogeuka, aliona. Hakukasirika. Aliuliza tu: «Juu ya nini?» Mwenzetu mmoja akajibu kwa adabu: «Mwalimu, utusamehe. Hii kozi iko na pointi kidogo. Haiwezi kutuangusha, haiwezi kutuinua.» Mwalimu akafuta ubao, akaketi.

Tunaungama mbele yenu kwamba kaye ya kwanza iliyofunguliwa ilikuwa yetu sisi, kapita wa shule. Ndiyo sababu tunaona ni deni letu kuandika. Tulikwenda kwa mwalimu kuomba msamaha, naye, mahali pa kutupa azabu, alitupa kazi: tutafute namna watu wengine walivyojibu neno la mwenzetu. Tulisoma, tuliuliza, na tuliona kwamba kuna nchi moja ambayo imebishana juu ya neno hili zaidi ya miaka 40. Nchi hiyo ni Marekani. Tutaeleza kwanza habari yao, kiisha tutarudi kwetu.

1. WAO WANAHESABU NAMNA GANI?

Sisi hapa Kongo tunajua kuhesabu kwa pointi. Kila kozi iko na maksima yake kwenye buleti, ingine nyingi, ingine kidogo, na jumla inageuzwa kuwa asilimia. Kwa mwisho kuna Mtihani wa Serikali, ambao ulianza mwaka 1967, mtihani mmoja kwa nchi nzima. Anayefikisha 50 kwa mia amepita. Kwa hiyo akili ya mwanafunzi wa Kongo inauliza kila mara: «Hii kozi iko na pointi ngapi?» Tusimcheke mwenzetu. Alisema kwa sauti maneno ambayo sisi wote tunasema moyoni.

Marekani haiko hivyo. Kwanza, hakuna mtihani mmoja wa serikali kuu unaotoa diploma ya sekondari. Nchi ile iko na majimbo 50, na kila jimbo linatunga sheria zake za masomo. Pili, diploma inapatikana kwa kukusanya kitu kinachoitwa krediti. Mwanafunzi akisoma kozi moja mwaka mzima na kufaulu, amepata krediti 1. Akisoma kozi ya nusu mwaka, amepata nusu. Kaka na dada zetu walio chuo kikuu wanalijua neno hili, kwa sababu katika mfumo wa LMD na wao wanahesabu krediti.

Mahali kipimo hiki kilipotoka panashangaza. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kusudi maprofesa wazee wapate feza ya pensheni. Wasimamizi wa feza ile walitaka kujua kwanza chuo kikuu cha kweli ni kipi. Wakasema: ni kile kinachopokea vijana waliokwisha kusoma vipimo 14 katika sekondari, na kipimo kimoja ni kozi ya mwaka mzima, karibu saa 120. Hivi pensheni ya wazee njo ilizaa kipimo cha masomo ya vijana, na kipimo kile kinafanya kazi mpaka leo.

Tuchukue mfano wa jimbo la Texas. Programu yao ya msingi inadai krediti 22, nazo zimegawanyika hivi:

– Kiingereza: 4
– Hesabu: 3
– Sayansi: 3
– Historia na maarifa ya jamii: 3
– Lugha nyingine: 2
– Mazoezi ya mwili: 1
– Sanaa: 1
– Kozi za kujichagulia: 5

Jumlisheni, mtaona 22. Sasa angalieni vizuri mstari wa mwisho. Mistari ya juu ni kama vikapu vyenye jina: kikapu cha hesabu hakijazwi na muziki, kikapu cha sayansi hakijazwi na upishi. Kikapu cha mwisho kinapokea yote. Ugomvi wote wa kompyuta katika Marekani ni huu: iingie katika kikapu chenye jina, ama ibaki katika kikapu cha mwisho?

2. MIAKA YA KIKAPU CHA MWISHO

Kompyuta iliingia mapema katika masomo ya Wamarekani. Mwaka 1964 walimu wawili wa chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitunga lugha ya programu iitwayo BASIC, kusudi hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kuiamuru mashine. Mwaka 1983 tume iliyowekwa na waziri wa elimu wa serikali yao kuu ilitoa ripoti kali. Ilisema kwamba nchi nzima iko hatarini juu ya ulegevu wa shule. Ilishauri kila mwanafunzi wa sekondari asome Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 3, sayansi miaka 3, maarifa ya jamii miaka 3, na kompyuta nusu mwaka. Mwaka 1984 ukaanza na mtihani wa kompyuta wa kiwango cha chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari. Mtihani huo unaitwa AP, na lugha yake ya kwanza ya programu ilikuwa Pascal.

Mngefikiri kwamba jambo lilikwisha pale. Hapana. Ushauri si sheria. Katika majimbo mengi kompyuta ilibaki katika kikapu cha mwisho, pamoja na muziki, upishi na useremala. Mwaka 2010 vyama viwili, kimoja cha wataalamu wa kompyuta na kimoja cha walimu wake, vilitoa ripoti: majimbo 9 tu yalikubali kozi ya kompyuta ihesabiwe katika krediti za lazima za hesabu ama za sayansi.

Sasa mjiweke mahali pa kijana wa kule. Anataka kuingia chuo kikuu. Mzazi wake anamuuliza: «Mwanangu, hii kozi itakusaidia kumaliza hesabu zako?» Anajibu: «Hapana, baba.» «Itakusaidia kumaliza sayansi?» «Hapana.» «Basi chagua ingine.» Mnaona? Ni maneno yaleyale ya mwenzetu, ila ni kwa Kiingereza.

Matunda ya jambo hili yalionekana. Mwaka 2013, katika nchi ile kubwa yenye mashine kila mahali, ni wanafunzi karibu 30,000 tu waliofanya mtihani wa AP wa kompyuta. Wasichana hawakufika mmoja kwa watano. Katika majimbo 11 hakuwako hata mwanafunzi mmoja mweusi. Katika jimbo la Wyoming hakuna mtu aliyeufanya, mweupe wala mweusi, mvulana wala msichana. Dada zetu, mliangalie neno hili. Kozi ikiachwa iwe ya anayetaka, mara nyingi anayetaka ni yule ambaye nyumbani kwake mashine iko tayari, na ambaye watu walimwambia tangu utoto kwamba kazi hiyo ni yake. Mwingine hajui hata kama anaweza kutaka.

3. KIKAPU GANI?

Tangu mwaka 2013 majimbo mengi yalianza kubadili sheria, na leo karibu yote yanakubali kompyuta ihesabiwe kwa namna moja ama nyingine. Lakini hayakukubaliana juu ya kikapu. Tumekuta majibu manne.

a) Iwe hesabu. Jimbo la Washington lilitunga sheria hiyo mwaka 2013: kozi ya AP ya kompyuta iweze kuhesabiwa kama hesabu ama kama sayansi. Wanaokubali wanasema: programu ni mantiki, namba na utaratibu, basi ni ndugu ya aljebra. Wanaokataa wanasema: mwanafunzi mvivu atajificha nyuma ya kompyuta ili aikimbie aljebra. Watu wa Washington walisikia woga huo, wakaweka mlango: anayetaka kozi ihesabiwe kama hesabu, sharti awe amekwisha kusoma aljebra ya pili, ama awe anaisoma wakati uleule. Tunaona walifanya vizuri. Kozi mpya haikupewa ruhusa ya kuwa dirisha la kutorokea.

b) Iwe sayansi. Wengine wanasema: sayansi inachunguza vitu alivyoumba Mungu, kama mimea, mawe, nyota, na kompyuta ni kazi ya mikono ya watu. Wenzao wanajibu: angalia namna ya kufanya kazi. Mtu wa kompyuta anafikiri jambo, analijaribu, anaona limekosa, anatafuta sababu, anajaribu tena. Je, katika labo ya kemia tunafanya nini? Ni vilevile.

c) Iwe lugha. Jibu hili lilituchekesha kwanza, kiisha likatufikirisha. Texas, kwa sheria ya mwaka 2013, ilifungua njia ili lugha za programu ziweze kushika mahali pa zile krediti 2 za lugha nyingine. Mwaka 2016, katika Florida, baraza la juu la jimbo lilipitisha mpango unaofanana na huo, lakini baraza la pili halikuupitisha, na mpango ukafa. Kati ya waliopinga walikuwa vyama vya watu weusi na vya watu wenye asili ya kusema Kihispania.

Sisi wa Kongo tunaweza kuwaelewa hao waliopinga. Kila mmoja wetu aliondoka nyumbani na lugha ya mama, akapata Kiswahili njiani na sokoni, akapata Kifaransa shuleni, na akienda Kinshasa atatafuta Lingala. Tunajua lugha ni nini. Kwa lugha tunamsalimia mzee, tunanunua unga, tunaomba Mungu, tunamlilia marehemu. Lugha ya programu haina mama, haina msiba, haina salamu. Iko na maneno machache tu na sheria kali, na anayeisikiliza ni mashine. Inaitwa lugha kwa mfano, sawasawa tunavyosema mguu wa meza. Kwa maoni yetu sisi, jibu hili njo zaifu kupita mengine. Mtu asiachishwe lugha ya jirani yake kwa sababu amejifunza kuamuru mashine.

d) Iwe peke yake. Jimbo la Arkansas lilitangulia kwa njia hii. Mwaka 2015 lilitunga sheria kwamba kila shule ya sekondari ya serikali iwe na kozi ya kompyuta. Angalieni: halikuanza kwa kuwalazimisha wanafunzi, lilianza kwa kuzilazimisha shule. Nyuma ya miaka 6, yaani mwaka 2021, ikatoka sheria ya pili: wanafunzi watakaoanza sekondari ya juu katika mwaka wa masomo 2022-2023 hawatapata diploma bila krediti 1 ya kompyuta. Tennessee ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2022, na North Carolina mwaka 2023.

Tuliuliza juu ya nini Arkansas walingoja miaka 6. Sababu iko wazi: huwezi kumdai mtoto kitu ambacho shule yake haiko nacho. Kwanza mwalimu, kiisha kozi, kiisha sharti. Mtu anayetaka kujenga mnara anaketi kwanza kupiga hesabu ya gharama, kama tulivyofundishwa katika Injili. Asipofanya hivyo, watu watacheka msingi wake.

4. KUHESABU NI KITU KIMOJA, KUFUNDISHA NI KINGINE

Hapa tunafika mahali pa maana sana. Kuna jimbo lingine, South Carolina, ambalo liliweka krediti 1 ya kompyuta kuwa ya lazima mbele ya mengine mengi. Ukisoma karatasi zao, ungesema: hawa njo walishinda wote. Lakini kwa miaka mingi mwanafunzi aliweza kuipata krediti ile kwa kujifunza kupiga taipu tu, vidole kumi juu ya herufi. Kozi ilihesabiwa, jina lilikuwa zuri, lakini elimu yenyewe haikuwamo. Mwaka 2018 walirekebisha, na kupiga taipu hakukuhesabiwa tena.

Basi tofauti ni nini? Wengi wetu tunafikiri kujua kompyuta ni kujua kuiwasha, kuandika barua, kutuma ujumbe kwa simu. Hayo ni matumizi. Dereva anatumia motokari, lakini makanika anajua ndani yake. Elimu ya kompyuta inauliza neno lingine: kazi fulani igawanywe hatua gani, moja nyuma ya ingine, hata kitu kisicho na akili kiweze kuifanya bila kukosea?

Mwalimu alitupa mfano, nasi tunawapa ninyi. Fikirini rejista ya shule yenye majina 1,000, yamepangwa kwa alfabeti. Unatafuta jina moja. Njia ya kwanza: unaanza juu, unasoma moja moja. Ukiwa na bahati mbaya utasoma yote 1,000. Njia ya pili: unafungua katikati. Jina lako liko mbele ama nyuma? Kama liko mbele, nusu yote ya nyuma unaitupa. Yanabaki 500. Unafungua tena katikati: 250. Kiisha 125, kiisha 63, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Hesabuni: mara 10 tu, na jina limepatikana, ama umejua kwamba haliko. Tulijaribu na rejista ya zamani, kwa kidole na saa ya mkono. Mtu wa njia ya kwanza alikuwa bado katika herufi ya K wakati mtu wa pili alikuwa amekwisha kufunga kitabu.

Angalieni mambo mawili katika mfano huu. La kwanza: njia ya pili inafanya kazi kwa sababu majina yamepangwa. Yakichanganyika, haisaidii kitu. Basi kupanga ni kazi, lakini ni kazi inayolipa. La pili: hatukuwasha mashine yoyote. Elimu yenyewe ilikuwa katika kichwa na katika karatasi. Na ile siku ya nne, mbele ya kufuta ubao, mwalimu alikuwa ameandika nini? Alikuwa ameandika hatua hizi hizi. Sisi tulikuwa katika kemia.

Shida kubwa ya Marekani yenyewe, hata leo, si sheria. Ni walimu. Anayejua kazi hii vizuri anaitwa na makampuni yenye mishahara minono, na shule inabaki kumwomba mwalimu wa hesabu ama wa biashara ajifunze upesi ili afundishe. Kama nchi tajiri inalia hivyo, sisi tusione haya kusema kwamba na kwetu mwalimu njo wa kwanza, mbele ya mashine.

Kuna onyo lingine kwa wafinalisti. Kule Marekani mlango wa diploma na mlango wa chuo kikuu si mlango mmoja. California, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 2014: wilaya za shule zinazodai zaidi ya miaka 2 ya hesabu zinaweza kuhesabu kozi ya kompyuta kama hesabu, kama chuo kikuu cha jimbo kimeitambua hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye busara anauliza mara mbili: «Shule itaihesabu?» na «Chuo kikuu ninachotaka kitaihesabu?» Na sisi hapa, wakati wa kuchagua fakilte, tuwe na desturi ya kuuliza mara mbili.

5. NA SISI?

Nchi yetu haijakaa bure. Katika programu mpya ya masomo ya sayansi, teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TIC, imewekwa katika sehemu moja na fizikia na teknolojia. Kusema kwamba wakubwa wa elimu wa Kongo na wao walikutana na swali la kikapu, na walijibu: iwe upande wa sayansi. Kwenye karatasi jibu liko. Kinachobaki ni kile South Carolina walichojifunza: karatasi haifundishi mtu.

Tulipokuwa tukiandika, tulipata habari ya ndugu mmoja aliyemaliza hapa mbele yetu, mtu wa asilimia nzuri, ambaye ninyi wakubwa mnamkumbuka. Kule chuo kikuu kazi yake ya kwanza ilidaiwa kwa mashine. Anasema alikaa mbele ya kompyuta ya kulipia kwa saa, akitafuta herufi moja moja, na feza ya chakula ya juma zima ilikwenda pale. Halafu wenzake walianza kufundishwa programu, naye alikuwa bado anatafuta herufi. Hakuanguka kwa sababu ya kukosa akili. Alikuwa amehesabu pointi za kozi ile sawasawa na sisi, akaona ni kidogo.

Basi, kwa heshima, tunaleta maoni matatu. Si amri, ni maoni ya watoto kwa wazazi.

Kwa wakubwa wa shule: hatuombi pointi ziongezwe tu. Pointi zikiongezeka bila kazi ya kweli, tutakariri maneno ya kompyuta kama tunavyokariri majina ya mito, na mambo yatabaki palepale. Tunaomba kila muhula uwe na interogasio moja ya vitendo, hata ya karatasi: mwanafunzi apewe kazi, aigawanye hatua, na mwenzake azifuate bila kuuliza. Kama mwenzake amefika, pointi. Kama amepotea, hakuna pointi.

Kwa walimu wetu: umeme usiwe kisa cha kungoja. Kule New Zealand, tangu miaka ya 1990, mwalimu wa chuo kikuu Tim Bell na wenzake walitunga michezo ya kufundishia elimu ya kompyuta bila kompyuta, kwa kadi, kamba, chaki na miguu ya watoto wenyewe. Watoto wanasimama kwenye mistari iliyochorwa chini, na kwa kubadilishana mahali wanajipanga toka mdogo mpaka mkubwa, kama mashine inavyopanga namba. Kiwanja tuko nacho. Chaki tuko nayo. Watoto tuko nao wengi. Siku mafuta ya jenereta yatakapopatikana, mashine zetu chache zitakuta vichwa vilivyo tayari.

Kwa sisi wanafunzi: tuache kuuliza pointi peke yake. Kama dada wanaogopa kukaa mbele ya mashine kwa sababu kaka wamezizunguka, kapita wa kila darasa aweke zamu iliyoandikwa, nusu dada na nusu kaka, na zamu iheshimiwe. Sisi wenyewe tutasimamia zamu ya wafinalisti, hata kama siku zetu hapa ni chache na Mtihani wa Serikali unatungoja. Mwenye nguvu asimsukume mwenzake.

Sasa turudi kwa neno la mwenzetu: «Haiwezi kutuangusha, haiwezi kutuinua.» Habari ya Wamarekani inatuonyesha kwamba alisema nusu ya kweli. Ni kweli watu wanafuata kinachohesabiwa: kozi iliyoachwa katika kikapu cha mwisho iliachwa na wengi, na waliokosa zaidi ni wasichana na watoto wasio na kitu. Kwa hiyo inafaa kozi ihesabiwe. Lakini nusu ya pili ni hii: maisha nayo yanahesabu, na hayatumii maksima ya buleti. Yule ndugu yetu aliangushwa na kozi ya pointi kidogo, nje ya shule, mahali ambapo hakuna mtihani wa mara ya pili.

Juma lililopita, siku ya nne, mwalimu aliingia tena. Umeme haukuwako. Alichora tena mashine kwa chaki, akaandika hatua zilezile za rejista. Tuliandika zote, na kaye ya kemia ilibaki ndani ya mfuko. Ile intero ya kemia, wale waliofungua kaye magotini, sisi tukiwa wa kwanza, hatukuifaulu vizuri vilevile.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Ndugu yenu,
Kapita wa shule, kwa jina la wafinalisti